Palipobanwa, Presha Chini

Mume wangu aliingia chuo kikuu akiwa na mvi kichwani, miwani ya kusomea na binti wa kuozwa. Wenzake wa umri huo wananunua kitanda kizuri wakapumzike. Yeye akanunua madaftari.

Msimcheke bado, alikuwa na sababu. Tangu ujana wake aliendesha gari la manispaa la kunyonya maji taka, lile ambalo likipita mtaani kwenu mnafunga madirisha na kumtazama dereva kana kwamba mzigo wote ule ni wake. Msimamizi wa mabwawa ya maji taka alipostaafu, mume wangu akakaimishwa nafasi yake, na kazi akaishika: mabwawa hayakufurika na wakubwa hawakusikia harufu. Kisha ikaja amri kwamba kiti kile hakikaliwi tena na mtu asiye na shahada ya uhandisi wa mazingira. Akaambiwa aende akasome, watamngojea. Mtu mwenye akili zake angeuliza watamngojea mpaka lini. Yeye alishukuru akaja nyumbani kunipa habari njema.

Akasoma sekondari ya jioni, akapita mtihani wa watu wazima wa kuingilia chuo, mimi nikakaza cherehani na nyumba ikaenda. Darasani wakambandika jina la Babu wa Chuo. Hakukasirika. Alisema watoto wale wana adabu, wanamwachia kiti cha mbele, nami nikamwambia wanamwachia kwa kuwa kiti cha mbele hakuna anayekitaka.

Mengi aliyamudu. Taka ngumu, afya ya jamii, sheria za mazingira, hata kemia ya maji iliyomtoa jasho mpaka miwani ikawa inateleza. Lililomkwamisha ni moja tu, tena lile ambalo sote tulidhani angelilamba kama sukari: somo la mwendo wa maji ndani ya mabomba.

Nitalieleza kama nilivyoelezwa, maana elimu yangu iliishia shule ya msingi. Bomba pana likifika mahali likawa jembamba, maji pale penye wembamba yanakwenda mbio zaidi. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye la pili. Vitabu vinasema palepale palipobanwa, presha ya maji inayosukuma kuta za bomba inapungua. Mume wangu alisema haiwezekani. Ameshika mipira ya kupitishia maji ya gari lile miaka nenda miaka rudi, na mkono wake unamwambia palipobanwa ndipo panapouma.

Akaandika hivyo kwenye mtihani, akaanguka. Akarudia mwaka, akaandika hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi, akaanguka vizuri zaidi.

Wakati yeye anarudia, binti yetu mkubwa naye akapata nafasi chuoni, kozi ileile. Huyu tunamwita Chiriku, maana alianza kusema kabla hajamaliza kuota meno. Aliyemshauri kozi ni nani kama si baba yake. Basi ukafika mwaka mwana akamkuta baba, nikawa napiga pasi shati na blauzi za darasa moja.

Siku moja maabarani, mhadhiri wao, kijana mwembamba wanayemwita Dokta, aliwaonyesha bomba la kioo lililobanwa kiunoni, juu yake vimesimama vijibomba vya kupimia presha. Maji yakapanda kwenye vijibomba vyote, ila kwenye kile cha kiunoni yakabaki chini. Mchana kweupe. Mume wangu akanyoosha mkono, akasema kijibomba kile kimeziba, akaomba akichomoe akipulize kwa mdomo kama afanyavyo kazini. Dokta akamwachia, nadhani kwa kuheshimu zile mvi. Akapuliza, akakirudisha, maji yakabaki chini vilevile. Darasa likaangua kicheko mpaka mtu akaanguka na kiti chake. Chiriku akatoka mbele, akachukua chaki, akamweleza baba yake ubaoni, pole pole, akimwita baba kila sentensi. Alidhani anamsitiri. Mume wangu alirudi nyumbani, akala, akanawa, akasema tu kwamba mtoto ana mwandiko mzuri.

Sasa sheria ya chuo ni hii: ukianguka somo lilelile mara ya tatu unaondolewa, na ukiondolewa hurudi. Manispaa nao walishaleta maneno kwamba hawawezi kukaa na kiti kitupu kama nyumba yenye msiba. Kwa hiyo miaka yote ile ilikuwa imeningʼinia kwenye mtihani mmoja.

Chiriku akamfundisha uani. Alifungua bomba, akaubana mdomo wa mpira, maji yakamchapa baba yake kiganjani. Akamwambia kinachouma ni mbio za maji yanayotoka, siyo presha ya ndani. Baba akajibu kwamba mkono hauna maumivu ya aina mbili. Wakabishana mpaka ua ukawa bwawa, nikawafukuza wote wawili kwa ufagio.

Mwishowe Chiriku akaacha kumwelewesha, akamkaririsha. Palipobanwa, mbio juu, presha chini. Mume wangu akalisema neno hilo akinyoa ndevu, akifunga viatu. Kitinda mimba wetu akaliimba akiruka kamba. Mimi mwenyewe nikajikuta nakanyaga cherehani kwa mdundo wake.

Siku ya mtihani swali likaja lilelile, la kwanza kabisa, na yaliyofuata mengi yakajengwa juu ya jibu lake. Chiriku alirudi anacheka tangu barabarani, akaniambia nibandike chai, baba kapita. Baba mwenyewe akaingia nyuma yake, akaketi kwenye benchi la uani bila kuvua viatu.

"Baba, umeandika presha chini?"

"Niliandika, mama." Anamwita mama kwa sababu binti amerithi jina la mama mzazi wa baba yake. "Halafu nikakata."

Ndipo akatueleza jambo ambalo hata mimi mkewe sikuwahi kulisikia lote. Zamani, mpira wa maji wa gari ulipasuka palepale kwenye kiungo chembamba ukamchapa utingo wake usoni, na yule bwana akapoteza jicho. Mume wangu ndiye aliyemfunga kitambaa. Sasa yuko kwenye chumba cha mtihani, ameshaandika presha chini, akaona kama anaandika kwamba jicho la mwenzake lilitoka lenyewe. Akapiga mstari. Akaandika presha juu, na hesabu zote za mbele akazisimamisha hapo.

Nilikuwa nimeshika mkasi wa kazi. Niliuweka chini kwa usalama wa familia.

Chiriku hakupiga kelele. Alichuchumaa mbele ya baba yake, akamwuliza kama mpira ule ulikuwa umeziba. Akajibu ndiyo, tambara lilikuwa limekwama mbele, nao walikuwa wanalisukuma kwa pampu.

"Basi maji yalikuwa yamesimama, baba. Yakisimama, presha inajaa mpira mzima, panapasuka penye udhaifu. Kitabu kinasema maji yanayokwenda."

Mume wangu akavua kiatu kimoja. Kisha akauliza, "Mbona hukuniambia hivyo?"

"Hukuniambia habari ya jicho."

Nilimwona akielewa. Aliomba kalamu, akaichora hesabu nzima palepale kwenye benchi, kuanzia mwanzo hadi jibu, na Chiriku akaikagua hakukuta kosa. Sijapata kuona jambo la kipuuzi kama hilo, mtu kufaulu uani kwake mtihani umeshakusanywa.

Matokeo yakabandikwa, akawa ameondolewa. Alikwenda kwa Dokta kumweleza kwamba sasa ameelewa. Dokta alimkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema anamwamini, ila chuo hakina mtihani wa nne. Alimsindikiza hadi mlangoni. Ningependa awe mkorofi, angalau ningepata wa kumtukana.

Kiti cha mabwawani wakampa kijana aliyehitimu mwaka uleule, ndevu zenyewe za kuhesabu. Mume wangu amerudi kwenye gari lake. Vijiweni wanamwita Injinia, naye anaitika, akishuka anaenda moja kwa moja bombani kunawa. Vitabu aliviweka juu ya kabati, na mtoto akitaka kimoja anajipandia kwenye stuli mwenyewe.

Nilimwuliza Chiriku yeye anasomea kukalia kiti gani. Akaniambia, "Mama, mji mzima una kiti kimoja, na aliyekikalia bado hajaoa, sembuse kustaafu." Lakini kaendelea, kwa vile kuacha nako kunataka mtu awe na pengine pa kwenda.

Mwaka huu ndio wa mwisho kwake, na mradi wake wa kuhitimu ni juu ya mabwawa yaleyale. Bila ruhusa ya msimamizi haingii getini. Juzi alikwenda kuiomba pamoja na baba yake, ambaye watu wa pale wote anawajua. Waliwekwa nje kwenye benchi la wageni, jua likawahamia, kisha wakaambiwa warudi wiki ijayo, msimamizi yuko kikaoni.