Vidole Kwenye Kiwiko cha Binti Yangu

Mkono ulionishika siku ile ulikuwa umezikwa miezi saba.

Najua utasema hii chai. Hata mimi ningesema hivyo.

Nafundisha gofu, kazi niliyorithi kwa baba. Sheria yake ilikuwa moja: ukirudisha fimbo nyuma, mkono wa kushoto usikunjike hata kidogo. Nikiwa na miaka kumi alinifunga kiwikoni ubao wenye mikanda miwili ya turubai, nikapiga mipira mia kila asubuhi. Nililia, lakini mchezo nikaujua.

Alipofariki niliukuta ule ubao chini ya kitanda cha mama, umeviringishwa kwenye shuka kuukuu. Nikauchukua bila kuuliza. Binti yangu alibakiza wiki tatu aende majaribio ya timu ya vijana, na mkono wake ulikuwa unakunjika.

Nikamfunga. Aliporudisha fimbo, mkanda ukafunguka wenyewe.

Nikakaza. Ukafunguka tena.

Mara ya tatu nikaongeza kamba ya kiatu, kisha nikakishikilia kiwiko chake. Hapo vidole vikanishika mkono. Vikavu, vyenye sugu palepale baba alipokuwa na sugu. Vilikuwa vinautoa mkono wangu taratibu, kama mzee anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Nikageuka. Hakukuwa na mtu.

Lakini mimi na kichwa changu kigumu, nikajiambia mzee anataka kazi ifanyike sawasawa. Nikakaza zaidi.

"Baba, bega linauma," binti akasema.

"Hata mimi liliniuma. Piga."

Akapiga. Bega likalia ko, fimbo ikamtoka.

Jumatatu mama alimwona mjukuu wake akihangaika kuchana nywele kwa mkono mmoja. Akaniuliza kama nimechukua kitu chini ya kitanda chake.

Nikakubali.

Mama akakaa chini. Kumbe baba naye alijifunga ubao ule ujanani, na miaka yake ya mwisho bega liligoma kabisa. Mama ndiye aliyekuwa akimchana nywele, mlango umefungwa ili nisione.

"Aliniachia kazi moja, niuchome," mama akasema. "Alisema amemuumiza mwanawe, mwanawe asije akamuumiza wake. Mimi nikaona ni kumbukumbu yake, nikauficha. Nisamehe, mwanangu."

Niliuchoma mchana uleule, nikilia kuliko nilivyolia kaburini. Siku ya majaribio ilipita binti akiwa na mkono umening'inizwa shingoni.

Miezi miwili baadaye akashika fimbo tena. Nilisimama nyuma yake, mikono mfukoni, nikamwambia anyooshe mpaka pale mwili unaporuhusu, kiwiko kikitaka kulegea kilegee. Akarudisha fimbo polepole, mkono ukakunjika kidogo, mpira ukaenda ulikotakiwa.

"Hivyohivyo, baba," akasema bila kugeuka. "Usiutoe mkono. Ukinishika hapo kiwikoni siogopi."

Mikono yangu ilikuwa bado mfukoni.

Sikumwambia kitu. Ila wewe nakwambia: kabla hujamrithisha mwanao kitu cha marehemu, uliza kwanza kama marehemu alikufa bado anakitaka.