Nilivyoteremka Mlima wa Kwale bila Breki

Breki nilizing'oa mwenyewe. Naanza hapo, maana nikianzia pengine nitajitetea, na mimi najijua, nikishika njia ya kujitetea nitawachekesha mpaka msahau kuniuliza. Hakuna aliyenishika mkono, shetani hakunipitia, wala sikuwa na homa. Ilikuwa Ijumaa baada ya shule, sare ningali nimevaa, nikazitoa breki za baiskeli ya marehemu baba nikabadilishana na honi. (Honi ya muziki. Tutaifikia.)

Baiskeli yenyewe mngeiona mngecheka, ile nyeusi ya kizamani, nzito kama kabati, yenye breki za vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye usukani mpaka kwenye rimu. Tangu baba afariki mwaka juzi mama alikuwa ameiegemeza ukumbini na kuifunika leso, na kila Ijumaa akiifunua, akiipangusa kwa kitambaa cha mafuta ya nazi, akiifunika tena, na mimi nilikuwa nikimwambia rafiki zangu kwamba nyumbani kwetu tuko watatu, mimi, mama na baiskeli, na katika hao watatu mimi ndiye nisiyepanguswa. Ndio mzaha wangu huo. Watu walicheka.

Sasa, baba alikuwa mtu wa chama cha baiskeli. Ni chama cha wazee wa Mji wa Kale, na kila mwaka hutoka mara moja, Jumamosi wanavuka Feri, wanapita mashamba mpaka Kwale, wanalala huko, Jumapili wanarudi. Wanakwenda kwa mstari mmoja na kila mtu ana mahali pake, hapabadilishwi, na hakuna anayempita wa mbele. Wa mbele ni Mzee Twahir, fundi wa kushona kanzu. Wa pili alikuwa baba. Alipokufa hawakumweka mtu. Mwaka jana nilisimama Makadara kuwatazama wakipita, nikaona kwa macho yangu: Mzee Twahir, kisha pengo la baiskeli nzima, kisha Bwana Faki na wengine nyuma. Hata mzaha sikupata siku hiyo.

Mwaka huu Mzee Twahir akaja kwetu, akakaa barazani, akamwambia mama kupitia mlangoni, "Kijana ameshakuwa mrefu. Mahali pa babake pangali wazi. Akipaweza ni pake. Asipopaweza tutapaziba, bibi, maana na sisi kuendesha nyuma ya pengo kila mwaka kunatuchosha."

Asubuhi yake niliamka nikakuta mama ameitoa leso kwenye baiskeli.

Kwa hivyo kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa pale pa baba siku mbili nisiharibu. Mtoto wa chekechea angeiweza. Mimi Ijumaa hiyo, mama ameshaipangusa asubuhi, nikaipeleka baiskeli Majengo kwa Saidi, fundi wa baiskeli, tuliyekuwa darasa moja kabla hajachoka na shule, akaitazama, akasema, "Yakhe, breki hizi ni za babu. Nani Mombasa anatumia breki?"

Na kweli, nani? Kisiwa kizima ni tambarare kama meza. Vijana wote wa mtaani kwetu tunasimamisha baiskeli kwa kandambili, unapeleka mguu nyuma, unaikanyaga tairi, inasimama, na mwenye breki tunamuuliza kama amekuja mjini kutibiwa. Saidi alikuwa na mteja anazitafuta breki za namna ile, na alikuwa na honi ya betri yenye kidude cha kubonyeza, inalia kama kinanda cha harusini. Nikaibonyeza mara moja tu. Basi. Akafungua vyuma vyote, akaviacha vishikio vya pale juu kwenye usukani, ili ukitazama uone breki zipo. Wazo la vishikio lilikuwa langu. Nalisema kwa sababu baadaye ndilo lililoniuma zaidi.

Jumamosi mama alinifungia kikapu cha mahamri kwenye karia, nyuma ya kiti, akanishika bega akaniachia. Feri maji yalikuwa yamekupwa, mteremko wa kuingia chomboni umesimama kama paa, nikashuka nao nikikanyaga tairi kwa kandambili na bado nikamgusa mgongoni mama mmoja aliyebeba maembe, akanitukania ukoo wote. Mzee Twahir akageuka.

"Breki zako zimelegea?"

"Ziko sawa, mzee."

Hayo ndiyo maneno matatu mafupi niliyowahi kuyalipia ghali kuliko yote, na niliyasema huku natabasamu.

Kwenda kulikuwa kuzuri, sitaficha. Minazi, mikorosho, watoto wa shamba wakitukimbilia, na mimi nyuma ya Mzee Twahir, nikiitazama kofia yake tu, na kila tukifika penye watu nabonyeza honi, wazee wananuna, watoto wanacheza. Kutoka Kombani barabara ilianza kupanda na ikapanda mpaka Kwale, na kupanda mlima, ndugu zangu, hakuhitaji breki. Bwana Faki nyuma yangu alikuwa akihema kama ng'ombe, lakini akapata pumzi ya kuniambia, "Nikikuona mgongo, namuona babako." Nikaacha kupiga honi kwa muda.

Jumapili asubuhi, kabla hatujaondoka, Mzee Twahir akatukusanya. Akasema, "Sasa ni kuteremka. Shikeni breki mapema, msingoje. Asiyekuwa na breki nzuri aseme, atasukuma kwa miguu mpaka chini, si aibu."

Akatutazama mmoja mmoja. Nafasi yangu ilikuwa ile. Lakini nikasukume kwa miguu, mahali pa baba pawe wazi tena, na wazee wajue nimeuza breki za marehemu kwa honi? Nikatazama mahamri yaliyobaki. Tukapanda baiskeli.

Mwanzo kandambili ilisaidia. Kisha ikaanza kunuka mpira unaoungua, kisha ukanda ukakatika, kandambili ikaruka ikaenda zake kwenye majani (haijarudi mpaka leo), nikajaribu kwa kisigino, nikakiondoa upesi. Mzee Twahir alikuwa mbele pale pale, mgongo wake unakuja. Sikuwa na la kufanya ila kubonyeza honi. Ikalia. Nikampita Mzee Twahir kwa kinanda cha harusi, mtu ambaye hakuwahi kupitwa na mtu tangu chama kianze, na nilimsikia akisema, bila hasira hata, kama mtu aliyechoka, "Rudi nyuma, mwanangu. Adabu iko wapi?"

Nilitaka kumjibu. Lakini nilikuwa nimeshafika mbali.

Honi nayo ikakwama. Niliibonyeza, nikaipiga ngumi, ikaendelea kuimba, na barabara ikapinda, na baada ya kupinda nikaona kofia nyeupe zimejaa njia nzima, wanaume wanakwenda mbio mbio wakisoma dua, na juu ya mabega yao jeneza, limefunikwa nguo ya kijani, linapokezwa kutoka mkono hadi mkono.

Sikuomba kitu kirefu. Nilisema tu, si hawa. Kushoto palikuwa na kinjia, ndiyo njia pekee iliyokuwa tupu, nikakata usukani nikaingia. Na ilikuwa tupu kwa sababu ndiyo njia waliyotokea. Nikaenda moja kwa moja mpaka nyumba ya msiba.

Uani wanawake walikuwa wamekaa, na kwenye mikeka yamepangwa masinia ya wali, tayari kwa watakaorudi makaburini. Nikapita juu ya sinia la kwanza na la pili, gurudumu la mbele likagonga figa, mimi nikapita juu ya usukani nikaangukia kwenye wali. Ulikuwa bado wa moto kidogo. Harufu ile naijua, wali wa matangani una harufu yake, mwaka juzi ilikuwa nyumbani kwetu na sikuweza kula siku nzima.

Kilio kilikatika. Kila mtu kimya, na katikati ya kimya hicho honi inaimba, kinanda, kama bibi harusi anaingia.

Bibi mmoja mzee akaja akachutama karibu yangu. Hakunigombeza. Akaniambia polepole, "Mwanangu, zima ngoma yako. Mwenye nyumba hii ndiye anayepelekwa."

"Haizimiki, bibi."

Sikuwa natania. Ni mara ya kwanza nasema neno ambalo watu wangeweza kulicheka nikaomba wasicheke. Hakuna aliyecheka. Mzee Twahir ndiye aliyefika, akaweka baiskeli yake chini, akaipindua honi, akatoa betri, akazitia mfukoni. Kisha akainama akaitazama rimu, akapitisha kidole pale ambapo breki zingekuwepo, akashika kishikio cha juu, kikabonyea bila kushika kitu. Akanitazama. Akaenda kumuomba radhi yule bibi kwa niaba yetu sote, akaita chama kizima wakaacha baiskeli zao uani, wakatoka mbio kuwahi mazishi, na wao pia wakalipokea jeneza.

Mimi nilibaki na wanawake. Nilipewa ungo niokote wali, punje kwa punje, goti linatoka damu. Mwisho yule bibi akaniletea kikombe cha maji, nikakiweka kando ya ungo, nikaendelea kuokota.

Baiskeli haikufaa kuendeshwa. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imevunjika, rimu ya mbele imepinda kama kokwa la embe. Waliifunga kwenye karia ya mmoja wa nyuma, na mimi Mzee Twahir akanipakia kwenye karia yake, nimekaa kinyume, uso nyuma, kama gunia la makaa. Kwa hivyo niliona vizuri kuliko mtu yeyote. Tulipofika Kombani Mzee Twahir akasema bila kugeuka, "Faki, sogea." Na Bwana Faki akasita kidogo, akatazama chini, akakanyaga, akasogea mpaka gurudumu lake likawa karibu na magoti yangu. Pengo likazibwa. Njia nzima mpaka Feri tulikuwa tukitazamana, mimi na yeye.

Nimeapa mengi tangu siku hiyo. Honi sitagusa, ya kinanda wala ya mpira. Nikiulizwa na mtu mzima kama kitu kiko sawa, na hakiko sawa, nitasema hakiko sawa hata mbele ya umati. Shuleni nimewasimulia kisa hiki kwa mzaha mara nyingi, nawaigiza mpaka wanashika mbavu, lakini naishia kwenye kandambili kuruka. Zaidi ya hapo siendi.

Tulifika kwetu jua limeshaingia. Mzee Twahir alisimama mlangoni akamweleza mama yote, kwa heshima, bila kuongeza, akaziweka betri mbili barazani, akaaga. Mama aliiburura baiskeli ndani peke yake, akanikataza kusaidia, akaiegemeza mahali pake ukumbini ingawa ilikuwa haisimami sawa. Akachutama. Akapapasa pale palipokuwa na vyuma, juu mpaka chini, kama anavyopapasa siku za Ijumaa. Nilingoja anipige. Akaitandaza leso juu yake, akainyoosha pembe, na ndipo akasema, akiwa bado amenipa mgongo:

"Babako naye alizing'oa, alipokuwa kijana. Alizirudisha siku uliyozaliwa wewe."