Vikombe Vinane vya Mzee Ziro

Kidzumbani sabuni haitoi povu. Unaweza kusugua shati mpaka vidole vichubuke, na maji yatabaki vile vile, yana utelezi kidogo, kama yamekasirika. Maharage huwekwa jikoni tangu asubuhi, na adhuhuri ikifika bado yanagonga meno. Mgeni akija akapewa chai, utamwona amenyamaza ghafla na kuchungulia ndani ya kikombe. Hapo ndipo wenyeji wanapocheka.

"Mwacheni," watasema, "ulimi wake haujaandikishwa huku."

Kijiji hiki kiko bara ya Kinango, ambako mvua huja kama mtu aliyesahau kitu, akakichukua na kuondoka. Zamani watu walikunywa maji ya silanga, lile bwawa la kuchimbwa ambalo mbuzi, ng'ombe na binadamu waliliingilia kwa zamu, na siku nyingine bila zamu. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na watoto waliharisha kila msimu. Mpaka Sidi akasema basi.

Sidi, mke wa Mzee Ziro, ni mwanamke mwembamba mwenye mwendo wa haraka, anayepita njiani kama aliyeacha chungu motoni. Kijiji kilimchagua awe mhudumu wa afya, akapewa mkoba wenye kipimajoto, dawa chache za kuhara na mashine ya presha. Yeye ndiye aliyesimama barazani akiwa na chupa ya maji ya silanga, akaitikisa mbele ya wazee, akawauliza nani kati yao yuko tayari kuinywa mbele ya watu. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mwaka uliofuata wafadhili wakachimba kisima cha pampu, na maji yakatoka meupe, safi, hata uliweza kukiona kidole chako cha mguu chini ya ndoo. Yalipimwa, yakaonekana hayana mdudu hata mmoja.

Siku ya kwanza kila mtu alikunja uso. Yalikuwa na munyu. Mwezi wa pili, nusu ya watu waliusikia. Mwaka ulipopinduka hakuna aliyesikia chochote. Ulimi ni kiungo cha ajabu kweli. Hulalamika kwa muda, ukiona hausikilizwi, huacha.

Basi Sidi akawa na maji safi ya kuhubiria. Aliingia mji kwa mji, nyumba baada ya nyumba, akiwafundisha watu mazoea ya afya: nawa mikono, chemsha maji, tembea kabla jua halijakali, kula mchunga na mboga nyingine chungu, punguza chumvi, na kunywa maji vikombe vinane kwa siku. Yeye mwenyewe aliyafanya yote. Watu walimpenda, na kwa kuwa walimpenda, walimtania.

"Daktari," alimwambia siku moja Rai, dalali wa mbuzi, rafiki wa Ziro tangu utoto, "nikinywa hivyo vikombe vinane, nani atakaa na mbuzi wa watu nikiwa kichakani?"

"Mbuzi watakungojea, shemeji. Figo hazingoji."

Miaka miwili iliyopita, Sidi alimfunga mumewe kitambaa cha mashine mkononi, kwa kujaribu tu, na mashine ikasema mia moja na hamsini na kitu. Akarudia. Ikasema vile vile. Zahanati wakampa Ziro vidonge, wakamwambia yale yale ambayo mkewe alikuwa akiyasema kila siku: chumvi basi, tembea, kunywa maji.

Ziro alikuwa mpenzi wa chumvi. Muhogo wa kuchemsha aliuchovya kwenye chumvi na pilipili mpaka ukabadilika rangi. Lakini jioni ile aliuchukua mkebe wa chumvi, akaufunga kwa kamba ya mkonge na kuutundika juu kwenye boriti, kama mtu anayemnyonga mwizi.

"Kaa hapo," aliuambia.

Sidi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Na vile vikombe vinane, Ziro alivifanyia hesabu yake. Kila asubuhi alitia punje nane za mahindi katika mfuko wa kulia wa shati. Akimaliza kikombe, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Jua likikaribia kuzama, mfuko wa kulia lazima uwe mtupu. Alikuwa mchungaji tangu utotoni, na mchungaji haamini kitu asichokihesabu. Aliwafuata mbuzi wake hadi mbali, akarudi, akanywa, akahamisha punje. Vidonge alimeza bila kukosa. Sima alikula na mchunga usio na chumvi, akitafuna polepole kama mtu anayesikiliza habari za msiba.

Sidi naye akaongeza juhudi. Maji ya mumewe hakuyachemsha kama ya watu wengine. Aliyaacha juu ya mafiga yakatokota hadi yashuke vidole viwili. Chini ya sufuria palibaki ukoko mweupe, akaukwangua kwa kisu na kuutupa.

"Ona," alimwambia Ziro. "Uchafu wote umebaki hapa."

Kila Jumamosi asubuhi, kitambaa mkononi. Mia moja na hamsini na tano. Baada ya miezi, mia moja na sitini na mbili. Zahanati wakamwongezea vidonge. Mia moja na sabini. Sidi alizitazama zile namba, na kitu kibaya kikaanza kumtambaa moyoni. Mtu anayefanya yote haya hawezi kupanda namba. Basi kuna kimoja asichokifanya.

Mwezi wa nane akaja mkaza mwanawe, Purity, kutoka Ukunda, ambako yeye na Kenga, mwana wa Sidi, wanafanya kazi hotelini. Purity alimwamkia shikamoo vizuri, akakaa mkekani, akapewa chai. Akanyamaza. Akachungulia kikombe.

"Mama, mmetia chumvi?"

"Tumeanza tena," alisema Sidi. "Ulimi wako wa hoteli huo."

"Si ulimi, mama. Nadhani ni maji. Hata asubuhi nikipiga mswaki, noma, ni kama nimekunywa bahari."

"Maji haya yamepimwa na wasomi. Hayana mdudu."

"Sijasema mdudu, mama."

"Basi kunywa."

Purity akanywa. Ziro, aliyekuwa kwenye kigoda, alicheka kidogo, akahamisha punje.

Siku ya mnada Kinango, Sidi alimngoja Rai njiani. Moyo wake ulikuwa umeshafika kule alikotaka kufika, alitafuta mtu wa kuufungulia mlango tu.

"Shemeji, mwenzako mnadani hula nini?"

Rai alikuwa na haraka, ameshika kamba za mbuzi watatu wakaidi. "Kwani kuna mwanamume anayekula nyama choma bila chumvi?" alisema. "Hiyo ni adhabu, si chakula." Akacheka, akavutwa na mbuzi wake.

Hilo likamtosha Sidi. Ziro aliporudi alasiri, hakungoja hata avue viatu.

"Baba Kenga, mnadani unakula nini?"

"Nakula vumbi."

"Nakuuliza kwa uzuri. Rai ameniambia."

Ziro akasimama na kiatu kimoja mkononi. "Rai amesema amenionea wapi nikila chumvi?"

"Hakusema huli."

"Mama Kenga. Miaka thelathini na minne. Nimekudanganya lini?"

"Mashine haina mume wala shemeji. Mashine haisemi uwongo."

Ziro akaitazama boriti, ule mkebe ukining'inia na utando wa buibui. Akakaa, akavua kiatu cha pili taratibu. Kisha akafungua mfuko wa mahindi uliokuwa pembeni, akachukua punje mbili, akazitia kwenye mfuko wake wa kulia.

"Kesho nitakunywa kumi," alisema.

Na zile wiki tatu zilizofuata, Ziro alikunywa kumi, na Sidi aliyachemsha yote kumi, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno zaidi ya "karibu sima" na "nimeshiba."

Ilikuwa asubuhi, jua ndiyo kwanza linapanda. Sidi alikuwa akifagia uwanja. Ziro alisimama mlangoni, amemaliza kikombe cha kwanza, akapeleka mkono wa kulia mfukoni kutoa punje. Mkono ukaingia, lakini haukutoka. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Akaupinda mwili ili auvute, mfuko ukageuka, punje zote kumi zikamwagika chini. Kikombe cha bati nacho kikaanguka.

"Mama Ke..." alisema, na nusu ya mdomo wake ikakataa kumaliza.

Sidi alitupa ufagio na kukimbia. Alimdaka kabla kichwa hakijafika chini. Kuku wakaja mbio, wakazidonoa zile punje moja moja karibu na miguu yao, mpaka zikaisha.

Hospitalini aliwapokea daktari kijana aitwaye Fauzia, mwenye buibui nyeusi chini ya koti jeupe na sauti ya upole. Siku ya pili, Ziro alipokuwa ametulia, alimuuliza Sidi kuhusu vidonge, kutembea na chakula.

"Vidonge anameza," alisema Sidi. Akainamisha kichwa, kwa kuwa aibu hii aliiona ni yake. "Lakini anakula chumvi kwa siri, daktari. Mnadani."

Kitandani, Ziro aliisikia. Alitaka kusema kitu, koo likatoa mlio tu. Akageuza uso ukutani, kiasi ambacho shingo ilimruhusu, na huko ukutani chozi likamteremka kwenye lile shavu lisilohisi kitu.

Daktari Fauzia alimtazama mgonjwa kwa muda. "Mwatoka upande gani?"

"Kidzumbani. Bara ya Kinango."

"Maji mnakunywa yapi?"

"Ya pampu. Safi kabisa. Nayachemsha mwenyewe, haya hapa." Sidi akatoa chupa kwenye kikapu, maana hata hospitalini alimletea mumewe maji aliyoyaamini.

Fauzia akamimina kidogo kwenye kifuniko, akaonja. Akakiweka kifuniko mezani.

"Mama, ladha hii huisikii?"

"Ladha gani?"

"Munyu. Ni mwingi huu. Mnayachemsha kwa muda gani?"

"Mpaka yashuke vidole viwili."

"Kinachopanda na mvuke ni maji, mama. Chumvi haipandi. Inabaki, na maji yanapungua, inazidi kukolea." Akairudisha chupa kikapuni. "Siwezi kusema ni maji peke yake. Presha ina mambo mengi. Lakini mtu tuliyemkataza chumvi, anywe vikombe vinane vya haya kila siku..."

"Kumi," alisema Sidi.

"Eti?"

"Wiki hizi tatu alikuwa anakunywa kumi."

Katika kitanda cha jirani, mtu alikuwa akimenya chungwa. Sidi aliyasikia maganda yakichanika.

Walirudi nyumbani baada ya wiki mbili, Ziro akiwa na upande mmoja wa mwili tu unaomtii. Rai alikuja kumjulia hali. Alikaa kando ya kitanda, mikono katikati ya magoti, utani umemwishia.

"Shemeji," alimwambia Sidi walipotoka nje, "siku ile njiani ulichukua mzaha wangu ukaufanya ushahidi. Ziro mnadani hula ndizi anazotoka nazo hapa. Sisi twamcheka kila wiki."

"Ungeniambia."

"Hukuniuliza mara ya pili."

Sidi akachukua mkoba wake akaanza tena kupita mji kwa mji, safari hii kuwaambia watu kwamba maji ya pampu si ya mtu mwenye presha, na kwamba kuchemsha sana kunazidisha. Watu walimsikiliza kwa adabu. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Rai.

"Sasa tunywe nini, daktari?" aliuliza Rai. Safari hii hakuwa akitania. "Turudi silangani tukaendeshe matumbo?"

Sidi aliuteremsha mkoba begani, akaufungua. Mlikuwa na kipimajoto, dawa za kuhara na mashine; maji hamkuwa nayo.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha asubuhi moja, fupi, nyembamba. Sidi alitega sufuria chini ya bati, akasimama kando yake kama anayelinda mtoto. Iliponyamaza, alichuja maji kwa kitambaa, akayachemsha mara moja tu, akayaacha yapoe, akamimina katika kile kikombe cha bati kilichobonyea siku ile. Akamwinua Ziro na kumwegemeza kifuani.

Ziro akaonja. Akakunja uso, ule upande uliokuwa bado unakunjika.

"Ha... hayana... kitu," alisema.

"Ndivyo maji yalivyo, baba Kenga. Tumesahau."

Alinywa polepole, mengine yakimteremka kidevuni, Sidi akiyapangusa kwa ncha ya leso. Kikombe kilipokwisha, Sidi hakukiweka chini. Alikishika.

"Hukula chumvi," alisema. "Najua sasa. Hukula."

Ziro hakumtazama. Macho yake yalikuwa juu, kwenye boriti, ambako mkebe ulikuwa bado unaning'inia kwa kamba ya mkonge. Mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu hadi kifuani, ukapapasa mfuko wa shati, ukatafuta. Sidi akaelewa. Akauendea mfuko wa mahindi, akatoa punje nane, akazitia upande wa kulia. Kisha akachukua moja na kuihamisha.

Akaenda kuyapima yale maji ya mvua yaliyosalia kwenye sufuria. Yalitosha vikombe vitano. Nje anga ilikuwa imeshakuwa nyeupe tena.