Nusu ya Jibu la Shangazi

Nilikuwa kijana, nimevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na najiona, we acha tu! Kazi yangu ilikuwa kushika mnyororo wa kupimia ardhi na kumfasiria Mzungu mpimaji. Serikali ilikuwa imekodi shamba kubwa upande wa Kizimbani kutoka kwa tajiri mmoja wa mjini, nasi tukatumwa kuweka mipaka. Amri ilikuwa moja: penye miti ya mtu, mpaka uzunguke; isiyo na mwenyewe itakatwa.

Wenzangu nilikuwa nimewaambia mimi mtoto wa mjini, kuzaliwa Kikwajuni, kukulia Kikwajuni. Uongo mtupu. Nilizaliwa huko huko shamba, nyumbani kwa shangazi yangu, na siku ya tatu mstari wetu ukaelekea mlangoni kwake.

Alitoka amejifunga kanga, mikono imejaa unga wa muhogo. Akanitazama. Mimi nikautazama mnyororo. Shikamoo moja tu ingetosha, lakini sikumwamkia.

"Muulize ardhi hii ya nani," alisema Mzungu.

Nikauliza, kwa sauti ya serikali.

"Ardhi ya Mwenyezi Mungu, bwana," alinijibu. "Mimi yangu minazi hii uionayo."

Bwana! Mtu aliyenifuta kamasi ananiita bwana. Alikwishafahamu kuwa namkana, akanisitiri. Na kwetu jibu lile lilikuwa kamili: ardhi haina mwenyewe ila Mola, mja humiliki alichopanda. Lakini mwenzangu mmoja alikuwa keshaanza kuicheka lafudhi ya shamba, nikaogopa shangazi asije akasema neno likanifichua. Nikafasiri haraka: "Anasema si yake." Nikaishia hapo hapo. Mzungu akaandika, kigingi kikapigwa, shangazi akarudi kwenye muhogo wake.

Ilinichukua Ijumaa tatu kupata uso wa kwenda kwake. Nikakuta minazi yote imelala chini, makuti yameshaanza kukauka. Nikamwamkia, naye yuko kwenye unga wake wa muhogo.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akanitandikia mkeka.

Nililia, wallahi, mtu mzima na kaptura yangu. Nikamwambia nitakwenda kwa Mzungu nikaseme kweli.

"Ukaseme nini tena? Maji yakimwagika hayazoleki." Akaninyooshea kidole kisiki kimoja karibu na kigingi. "Mnazi ule ulikuwa wako. Ulipozaliwa nlikizika kitovu chako pale, nkaupanda juu yake. Walipokuja kukata nkawaambia huu wa mtoto wangu yuko mjini, mngojeni aje. Wakanuliza, mtoto gani?"

"Ukawaambiaje, shangazi?"

Alikung'uta unga mikononi taratibu.

"Nkanyamaza. Nlidhani hutaki kujulikana."