Siku Niliyokata Kijiti cha Paa la Bwana Okelo

Nitasema ukweli wangu wote, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi na wako watu Kisumu ambao bado wakiniona wanacheka: mimi ndiye niliyemuua Bwana Okelo akiwa mzima, na nilimuua kwa msumeno.

Ilikuwa miaka ya themanini. Bwana Okelo alikuwa anafungua hoteli ya chakula mjini na alitaka mgeni akiingia ajione yuko bomani, kwa hiyo akanipa kazi ya kujenga nyumba ya nyasi ndani ya ukumbi, na kuta za udongo, na mitungi mlangoni, na nyavu za samaki (hata kuku wawili tulileta, wakafukuzwa), na juu ya mlango nikaandika kwa rangi nyeupe NYUMBANI KWA OKELO. Nilikuwa nimemzika baba yangu wiki mbili tu kabla, kichwa bado kimenyolewa kwa msiba, na sikuwa na maneno mengi kwa mtu.

Asubuhi ya kufungua nikafikia osuri, kile kijiti chenye ncha kinachosimama kwenye kilele cha paa. Kikagonga dari. Nikakisukuma, kikagonga tena. Mwenye akili angetoboa dari, lakini mimi nikakikata, nikashuka, nikafagia. Kwetu kila mtoto anajua kwamba osuri huondolewa mwenye boma akifa. Ya baba niliiona ikiondolewa (labda ndiyo sababu sikuona ubaya, sijui, hata leo sielewi vizuri).

Wa kwanza kufika alikuwa shangazi yake Okelo kutoka Awasi, pamoja na wanawake wa kanisa lake. Akatazama paa. Akatazama kichwa changu.

“Mwenye nyumba yuko wapi?”

“Alienda ziwani tangu alfajiri, Mama,” nikasema, na ni kweli, alienda Dunga kuchagua samaki. “Hajarudi.”

Akapiga nduru. Wanawake wakamwitikia, watu wa barabarani wakaingia, mzee mmoja akavua kofia, na shangazi akanikumbatia: “Pole, mwanangu, pole.” Basi mimi nikadhani wamesikia habari ya baba. Tangu nirudi mjini hakuna aliyekuwa ameniambia pole. Nikalia vile sikulia kaburini, na watu waliponiona nalia wakaamini kabisa, nami nikawa napokea mikono yao, “Asanteni, alikuwa mtu mzuri.”

Ndipo Bwana Okelo akaingia na suti mpya, samaki mkononi.

“Nani amekufa?”

Shangazi akarudi nyuma mpaka akavunja mtungi. “Ni wewe.”

“Mimi?” Akanigeukia. “Fundi, nimekufa?”

“Sijui, Bwana,” nikasema, na wakati huo kweli sikujua. “Mimi namlilia baba yangu.”

Mzee wa kofia akanyoosha kidole juu. “Hakuna mtu atakula hapa mpaka kile kijiti kirudi.”

Na hakuna aliyegusa hata chai. Nikapanda, nikatoboa dari mpya kwa patasi mbele ya wageni wote, vumbi likiwanyeshea, nikasimamisha osuri nyingine. Shangazi akamshika Okelo mashavu kwanza, kuhakikisha, kisha akaketi, akanisogezea sahani.

“Sasa tuambie,” akasema, “huyo baba yako alikuwa nani?”

Okelo hakunipa kazi tena, wala simlaumu. Nami tangu siku hiyo, kijiti kikigonga dari, nakata dari.