Debe Mlangoni kwa Mama Kariuki

Niliulizwa mbele ya watu wazima wa kichochoro chetu kama nitapiga debe, nikajibu kwamba nitapiga. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kutikisa kichwa tu, na mkutano ungevunjika, watu wangekunja mikeka yao na kwenda kuwasha majiko. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezeeka hapa hapa Nakuru, na bado upepo ukitingisha bati lililolegea juu ya paa huwa naacha ninachokifanya na kusikiliza mpaka utulie.

Ilikuwa kiangazi, katika ile miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwakamata Wakikuyu na kuwapeleka kambini. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma na kuacha uwanda mweupe wa magadi, na kila alasiri upepo uliinua vumbi lile na kulileta mjini. Lilikuwa na harufu ya mayai yaliyooza na kinyesi cha heroe, wale ndege wa ziwani, na lilitua juu ya kila kitu: kwenye sufuria, kwenye kanzu zilizoanikwa, kwenye kope za watoto waliolala. Sisi tulikaa Bondeni, katika kichochoro chembamba cha nyumba za udongo zilizoezekwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Wengi wetu tulikuwa Waislamu, watu ambao babu zao walitoka pwani na reli au misafara, lakini palikuwapo pia wengine waliokuja kutafuta kazi kutoka milimani na kwenye mashamba ya Wazungu kule Njoro. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na mlio wa cherehani yake ndio uliotuamsha asubuhi.

Kichochoro kilikuwa na chama chake. Kila nyumba ilitoa ada kila mwezi, na fedha zile zilinunua sanda, mbao za kaburi, na sukari ya chai ya matanga. Lakini faida kubwa ya chama haikuwa katika vitu hivyo. Mtu wa chama alikuwa mtu mwenye watu. Akiugua alibebwa, akigombana na mwenye nyumba alisemewa, na serikali ikiuliza ni nani huyu, mwenyekiti alijibu kwamba ni mwenzetu. Aliyeacha kutoa ada kwa muda mrefu alipigiwa debe. Mtoto alikwenda mlangoni kwake mchana, watu wakiona, akapiga debe tupu la mafuta ya taa na kutaja jina la nyumba ile. Kuanzia hapo nyumba hiyo haikuwa ya chama tena hadi ilipe ada yote iliyobaki.

Kazi ile ilipewa mtoto kwa sababu mtoto hana kisasi, ndivyo walivyosema wazee. Lakini waliotunga desturi ile walikuwa wameacha mlango mmoja wazi. Kabla ya kwenda, mtoto aliulizwa mbele ya mkutano kama yuko tayari. Akikataa, debe halikupigwa mwezi ule, na hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza sababu. Watu wazima waliokuwa wamefungwa na maneno yao wenyewe waliokolewa na mtoto anayetazama vidole vya miguu yake. Niliwahi kumwona mvulana aliyenitangulia akikataa, na nikaona mabega ya wazee yakishuka, kama watu walioshushiwa mzigo. Sikuelewa. Nilidhani ameogopa. Mwaka ule debe lilikuwa langu, kwa kuwa nilikuwa na sauti kali na nilijivuna nayo.

Jina lililofikishwa mkutanoni lilikuwa la Mama Kariuki. Alikuwa Mkikuyu, Mkristo, akikaa chumba cha pili kutoka kwetu, na alifua nguo za watu. Mumewe alikuwa amechukuliwa na askari, naye hakujua yuko kambi gani. Tangu siku hiyo hakuweza kutoa ada. Kwangu mimi alikuwa zaidi ya jirani. Mama aliponizaa alishikwa na homa kali, maziwa yakakauka, na Mama Kariuki, aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe, alinichukua na kuninyonyesha upande wa pili. Baba alitamka mbele ya majirani kwamba mimi na Kariuki ni ndugu, kwa sababu katika dini yetu ziwa la mama linaunganisha kama damu. Mbele za watu nilimwita Mama Kariuki. Ndani ya chumba chake nilimwita mama, na alipopakua uji hakuuliza kama nimekula kwetu.

Mkutano ulifanyika Ijumaa baada ya swala ya alasiri, uani kwa mwenyekiti wetu, Mzee Feruzi, aliyewahi kuwa mpishi wa Mzungu na bado alivaa koti la kazi yake ya zamani. Mama Kariuki hakuwapo. Aliyeshtakiwa hakukaa mkutanoni, hiyo pia ilikuwa desturi. Baba alisimama kwanza. Aliomba chama kimsamehe yule mama ada mpaka mumewe arudi, na zaidi ya hapo, kimtolee kitu cha kula kutoka kwenye mfuko.

Bi Zena, muuza maandazi, alikohoa. "Fundi, fedha za chama ni za maiti. Mama Kariuki hajafa."

"Kwa hiyo tumngoje afe ndipo tumpende?" Baba akamjibu.

Watu walicheka, hata Bi Zena mwenyewe. Mwingine akasema kwamba fedha zilikuwa zimeahidiwa kununua mabati ya banda la matanga, kwani mvua ya mwisho ilinyeshea waombolezaji mpaka chai ikawa maji. Mzee Feruzi aliwaacha wabishane. Alipozungumza, alizungumza polepole.

"Mimi sina ugomvi na yule mama. Hunifulia koti hili. Lakini wote mnajua mume wake yuko wapi. Kesho askari wakija wakauliza chama hiki kinalisha nyumba ya nani, utawajibu nini, fundi? Utawaonyesha cherehani?"

"Nitawaambia tunamlisha jirani."

"Nao watakufunga pamoja na jirani, na cherehani, na sisi sote."

Leo siwezi kumchukia Mzee Feruzi. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sababu. Wakati ule mkutano wa watu wachache tu ungeweza kuwapeleka ndani. Nadhani hata yeye alitaka debe lisipigwe, ila hakutaka aonekane ndiye aliyelizuia. Ndiyo maana hakuhesabu mikono. Aligeuka akaniita.

Nililijua jibu lililotakiwa. Asubuhi ile Mama alikuwa amenivuta jikoni, akanishika kidevu, akaniambia, "Leo utaulizwa. Ukiulizwa, kataa. Mtoto akikataa halaumiwi mtu." Nikasema ndiyo. Lakini jana yake nilikuwa nimeshindana na Kariuki katika mchezo wa pia, zile za kuzungusha kwa kamba, mbele ya wavulana wa kichochoro cha pili. Pia yangu ilikuwa ya mti wa mzeituni, niliichonga mwenyewe kwa siku nyingi. Kariuki alirusha yake juu ya yangu, msumari wake wa chini ukaingia katikati, na pia yangu ikapasuka vipande viwili. Wavulana walipiga makofi. Kariuki akaokota vipande, akanikabidhi kwa adabu kubwa, akasema, "Mpelekee babako aishone." Walicheka hadi wakakaa chini. Jioni yake alikuja kwetu kuniita tukale, nami nikajifanya nimelala.

Basi nilisimama pale uani, vumbi la magadi likiniuma machoni, na watu wote wakinitazama. Mzee Feruzi akaniuliza, "Mwanangu, utapiga?" Sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyoizoea. Nilimwona Mama upande wa wanawake, ameinamisha uso. Nikawaza uso wa Kariuki atakaposikia debe mlangoni kwao, mbele ya wavulana wale wale. Nikasema, "Nitapiga."

Mzee Feruzi aliniuliza tena, jambo ambalo halikuwa desturi. "Utapiga kweli?" Nikajibu kwa sauti ya juu zaidi. Baba alipiga hatua moja mbele, kisha akarudi, kwa kuwa baba wa mtoto hakuruhusiwa kuingilia jibu lake. Nikapewa debe.

Nilikwenda nikifuatwa na kundi la watoto. Nililipiga lile debe kwa nguvu zangu zote, nikataja jina la nyumba, na sauti ikaenda ikagonga ukuta wa mwisho wa kichochoro na kurudi. Mlango ulifunguka. Mama Kariuki alikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Alilitazama debe, akanitazama mimi, akangoja mpaka nikapungukiwa na pumzi. Kisha akasema, bila kuinua sauti, "Umemaliza, mwanangu? Haya, ingia unywe uji." Nyuma yake niliona miguu ya Kariuki chini ya meza. Nikalitupa debe nikakimbia.

Nilijiambia kwamba ataazima fedha, atalipa, na Kariuki atakuwa amejifunza. Mtoto hufikiri kila kitu kina kesho yake. Baba alianza kukusanya ile ada kidogo kidogo kutoka kwa wateja wake, lakini kabla hajaifikisha, askari walikuja. Walifika asubuhi na malori mawili, pamoja na ofisa mmoja Mzungu kijana aliyekuwa na mafua. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwatoa Wakikuyu, na kwa kila mmoja waliuliza nani anamdhamini. Mwashi mmoja aliyekaa mwisho wa kichochoro, naye Mkikuyu, alidhaminiwa na chama. Mzee Feruzi alisema, "Huyu ni mwenzetu," wakamwacha. Walipofika kwa Mama Kariuki, wakamuuliza mwenyekiti swali lile lile. Mzee Feruzi alifunga kifungo cha koti lake. "Huyu hayumo katika chama," akasema. Hakudanganya. Debe lilikuwa limesikika na kila mtu.

Baba aliacha cherehani, akaenda mbele ya ofisa. Alisema, "Namdhamini mimi." Askari mmoja akamuuliza yeye ni nani kwa huyu mwanamke. "Watoto wetu wamenyonya pamoja," Baba akajibu. Askari alimtafsiria ofisa maneno yale, wakacheka wote wawili, ofisa akapenga kamasi na kuonyesha lori kwa kidole.

Mama Kariuki alipanda na sufuria, blanketi na nguo za watu alizokuwa hajamaliza kuzifua, kisha akakumbuka, akazishusha nguo zile na kumkabidhi Bi Zena, akimtajia kila moja ya nani. Bi Zena alizipokea akilia. Kariuki alikaa ukingoni mwa lori. Nilisimama karibu na gurudumu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa mguu. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Lori liliondoka kuelekea upande wa Naivasha, na vumbi lake lilikuwa jekundu, si jeupe kama la ziwani.

Baba aliulizia miaka mingi. Habari zilikuja baada ya kambi kufungwa, kutoka kwa mwanamke aliyeuza viazi sokoni na aliyekuwa amekaa nao katika kijiji kimoja kilichozungushiwa seng'enge. Kariuki aliharisha msimu wa mvua za kwanza, akafa. Mamake alimfuata kabla ya mavuno. Hawakuzikwa kwa sanda wala kwa mbao. Mama alimsikiliza yule mwanamke mpaka mwisho, akanunua viazi vyake vyote, akarudi nyumbani akavimenya. Nilikuwa nasoma shule ya sekondari wakati huo, nikijua Kiingereza na hesabu, na sikupata neno la kumwambia katika lugha yoyote.

Siku hizi nakaa Kiamunyi, kwa mwanangu, katika mtaa wa nyumba za mawe zenye mageti. Nao wana chama. Wanatoa ada ya mlinzi, ya taa za barabarani na ya kuzoa taka, na wanabishana kwa simu hata wakati wa kula. Mwezi uliopita walikutana chini ya hema. Kijana mmoja aliyevaa vizuri alipendekeza majina ya wasiolipa yabandikwe getini, na mlinzi asiwafungulie. Miongoni mwao alikuwapo mwalimu mmoja mjane. Nilisimama nikasema hapana. Kisha nikakaa. "Sawa, mzee, tumekusikia," kijana akasema kwa heshima, na wakaendelea na jambo la taa. Jina la yule mwalimu halikubandikwa, nami sijui kama ni kwa ajili yangu au walisahau tu. Kukataa kulinichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Kungekuwa vivyo hivyo siku ile uani kwa Mzee Feruzi.

Mama aliishi hadi uzeeni sana. Alinipikia, alinifulia, alicheza na wanangu. Lakini tangu asubuhi ile ya malori hakunituma tena kwa mtu na ujumbe wowote, wala hakuniambia neno lililohitaji kutunzwa. Aliponiona naingia akiwa anazungumza na dada yangu, alibadilisha mazungumzo taratibu, bila chuki. Alipokaribia kufa, wosia wake alimwachia dada. Nilikaa kando ya kitanda chake siku zote zile, na hakuniagiza kitu. Nilipofungua kinywa changu pale uani, nilimpoteza ndugu yangu na mama aliyeninyonyesha, nao wakafa. Mama aliyenizaa alibaki hai, nami nikaishi naye maisha yake yote bila kuaminiwa naye.