Foleni Iliyofutika

Hospitali nzima ilimwita Zimawasha, hata mganga mkuu, kwa sababu ukimpigia simu kwamba kompyuta imegoma, swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeizima ukaiwasha?" Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye bisibisi mfukoni mwa koti jeupe alilopewa ili walinzi wasimsumbue. Koti hilo lilimponza. Wagonjwa walimvuta mkono wamwonyeshe vidonda, naye akawa na wimbo mmoja: "Samahani shangazi, mimi ni wa kompyuta tu." Kila mara aliona haya, kana kwamba amewadanganya.

Ofisi yake ilikuwa chumba kisicho na dirisha, nyuma ya ngazi. Humo ilikaa seva, mashine moja nyeusi iliyobeba kila kitu: mapokezi, maabara, duka la dawa, benki ya damu. Ilivuma kutwa, hata ukitoka nje masikio yanaendelea kuvuma yenyewe. Na ilikuwa imezeeka. Aliomba nyingine mpaka akachoka, akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa.

Siku hiyo ilikuwa ya daktari wa macho. Huyo huzunguka hospitali nyingi, na hapo hufika mara moja tu kwa mwezi. Saa zake zikiisha anaondoka, foleni iishe isiishe. Mama yake Zimawasha alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kufa, na la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Alifika geti halijafunguliwa, akaandikishwa miongoni mwa wa mwanzo, akakaa benchini amekumbatia mkoba wake.

"Nenda kazini, mwanangu," alisema. "Wakiniita nitasikia. Masikio bado hayajaharibika."

Hata ngazi hajazifikia, simu ikaita. Karani wa mapokezi. "Dada, mfumo umeganda! Skrini nyeusi tii!"

Alikimbia chumbani, akakuta taa zote za seva zimekuwa nyekundu. Kabla hajakaa, simu tena. Safari hii ni mkunga wa wodi ya wazazi, anahema.

"Kuna mama anavuja damu huku! Benki ya damu wanasema bila mfumo hawajui chupa ipi imeshapimwa. Fanya chochote!"

Chochote chenyewe kilikuwa kimoja tu: kuizima. Na pale hospitalini seva ikizimwa, foleni ya siku hiyo hufutika. Walio bado kumwona daktari huandikishwa upya, na mwenye mbio ndiye wa kwanza. Kila mtu alijua hivyo, akazoea. Fundi wa makao makuu pengine angeiokoa foleni, lakini mpaka apatikane!

Aliweka kidole kwenye kitufe. Akamwona akilini mama yake benchini na mkoba wake. Akabonyeza.

Chumba kikanyamaza. Hakuwahi kukisikia kikiwa kimya vile, akaogopa mashine isije ikawa imekufa moja kwa moja. Akabonyeza tena, ikawaka.

Alipotoka, mapokezi palikuwa vurugu tupu. Vijana wanaruka mabenchi, viwiko vinafanya kazi. Mama yake alikuwa nyuma kabisa, anapapasa ukuta.

Karani alimwinamia dirishani. "Dada, mlete mama nimwandike wa kwanza. Nani atajua?"

Miguu yake ilikwisha kukubali. Alimshika mama mkono, akampitisha pembeni mpaka dirishani.

"Ahaa!" mzee mmoja mwenye bandeji jichoni akapaza sauti. "Kumbe ndiyo maana mmezima! Mpitishe watu wenu!"

"Daktari mzima, wala haoni aibu!" mwingine akadakia.

"Mimi siyo dak..." Nani alimsikiliza?

Mama aliuchomoa mkono wake. "Umezima wewe?" aliuliza polepole.

"Kuna mama anavuja damu, wodi ya wazazi."

"Basi ulifanya vizuri. Usiharibu sasa hivi." Akageuka, akaanza kurudi nyuma huku akishika mabega ya watu. "Nipisheni wanangu, nipisheni," alisema, hadi mwisho wa foleni.

Saa za daktari ziliisha zikiwa zimebaki roho chache tu mbele yake. Muuguzi akatangaza: mwezi ujao.

Walitoka pamoja jioni. Getini mama alisimama, akamgeukia binti yake, akamkazia jicho lile moja kwa muda mrefu.

"Nakuona koti," alisema. "Uso nauweka mwenyewe kwa kukumbuka."

Zimawasha akampokea mkoba.

"Na yule mama? Amepona?"

"Sijui. Hawajanipigia."

"Hebu uliza. Angalau nijue nimempisha nani."

Alipiga. Mkunga akapokea haraka. "Afadhali umepiga! Printa yetu imegoma."

"Yule mama aliyekuwa anavuja damu, anaendeleaje?"

"Yupi? Leo hawakuwa mmoja. Ngoja nimuulize mwenzangu wa zamu, usikate."

Simuni zikasikika nyayo zinakwenda, mtoto wa mtu analia mbali.

"Wanasemaje?" mama akauliza.

"Wanauliza, mama. Tungoje."

Wakangoja pale getini, giza likianza kuingia, simu imebanwa sikioni mwa binti, na mama ameuelekeza uso wake upande ambao simu haikuwepo.